Mlango na Jalada

Msichana alipokuja kwa shangazi yake kukaa likizo ya chuo, alichukua nguo chache na vitabu sita. Nguo zilitiwa kabatini siku ile ile. Vitabu vilibaki kando ya kitanda, vikisomwa na kurudiwa. Shangazi alikuwa mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kusoma na kusomesha. Aliona haya kupita kila siku mbele ya vitabu asivyovijua. Akaomba cha kwanza. Msichana alisita, kisha akasema, "Shangazi, hivi havikufai." Neno hilo lilimtia mwalimu hamu kubwa kuliko sifa yo yote.

Vitabu hivyo ni mfululizo wa Rina Kent uitwao Legacy of Gods. Cha kwanza, God of Malice, kilitoka mwaka 2022; cha sita, God of War, kilitoka mwaka 2024. Ni hadithi za mapenzi ya giza, yaani mapenzi ambayo mpenzi ndiye pia mtishaji. Mambo mengi hutendeka katika kisiwa cha kubuni cha Uingereza kiitwacho Brighton Island, chenye vyuo vikuu viwili vinavyoshindana. Wanafunzi ni watoto wa matajiri, na baba za baadhi yao ni wakuu wa magenge ya wahalifu. Masomo hutajwa kwa nadra. Vyama vya siri, bastola na visasi hutajwa kila mara. Kila kitabu kina jozi yake ya wapenzi. Katika kile cha kwanza, Killian Carson, mwanafunzi wa udaktari asiyejua huruma, anamkuta Glyndon King penye ukingo wa jabali, naye msichana yumo katika msiba wa rafiki yake. Killian anamlazimisha jambo asilolitaka. Mwisho wa kitabu wawili hao ni wapenzi walioridhiana.

Mwalimu hakupenda kuhukumu kabla ya ushahidi, akavisoma vyote. Aliona uhodari wa mwandishi katika kumvuta msomaji kutoka sura hata sura, na katika kuwapa wasichana ulimi. Hutukana, hucheka, hukataa kwa sauti. Aliona na kasoro. Wanaume wengi wamefinyangwa kwa udongo mmoja. Uhalifu umekuwa pambo lao kama saa ya dhahabu mkononi: mali ya baba hulipa deni la mwana, na wanaodhuriwa kando ya hadithi aghalabu hawana jina wala mama wa kuwalilia.

Hata hivyo, alijua kwamba jambo hili si geni. Samuel Richardson, mchapaji wa London, alitoa Pamela mwaka 1740, hadithi ya bwana tajiri aliyemfungia mtumishi wake na mwisho akamwoa. Kisha, katika miaka ya 1747 na 1748, alitoa Clarissa. Humo Lovelace anamdanganya msichana, anamfungia, anamlevya kwa dawa na kumnajisi. Naye Clarissa anakataa kuolewa naye, na anakufa. Kabla ya sehemu za mwisho kutoka, wasomaji walimwandikia Richardson wakimsihi amwongoe Lovelace na kuwaoza wawili hao. Richardson alikataa. Mwalimu aliona kwamba vitabu sita vya msichana ni jibu la maombi yale, lililofika baada ya miaka zaidi ya 270.

Elimu hiyo ilimfaa katika mambo mengi, lakini haikumfaa alipofika penye jabali. Hapo alifunga kitabu na kukiweka mezani, maana alikumbuka ngazi.

Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, kijana mmoja alikuwa akimsubiri chini ya ngazi za bweni kila jioni. Alijua saa za masomo yake. Binti huyo aliporudisha zawadi, kijana alileta barua ya kuapa kwamba atajiua. Alipobadili njia, kijana naye alibadili. Wenzake walimwambia, "Huyo anakupenda kweli. Una bahati." Muhula mzima hakwenda maktaba usiku, na mtihani mmoja ulimshinda. Kijana hakumgusa hata siku moja, na kwa sababu hiyo binti hakuona shtaka la kupeleka kwa mtu. Hakumwambia hata kaka yake.

Usiku ule, wakichambua mchele, alimwuliza msichana, "Kijana kama huyu wa kitabuni akikusubiri nje ya bweni, utafanyaje?"

"Nitapiga kelele, Shangazi. Nitaita watu."

"Basi humu unampendea nini?"

Msichana aliokota chuya mbili tatu kabla ya kujibu. "Humu najua mwisho wake. Naogopa, lakini najua hatamwua. Na nikichoka, nafunga."

Ndipo mwalimu akamhadithia khabari za ngazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Msichana alisikiliza hata mwisho, akauliza, "Na wale waliosema una bahati, walikuwa wamesoma vitabu gani?"

Hawakuwa wamesoma kitabu cho chote cha namna hiyo. Walikuwa wameambiwa na wakubwa wao kwamba kukataa kwa msichana ni haya tu, na kwamba mwanamume asiyechoka ndiye apendaye. Mwalimu hakuweza tena kuvibebesha vitabu lawama yote, ilhali uwongo ule ulikuwapo chini ya ngazi kabla havijaandikwa.

Shauri lake lilikuwa hili. Hofu na tamaa hukaa pamoja katika nafsi ya mtu, na mwandishi ana haki ya kuzionyesha. Ubaya wa vitabu hivi umo katika ahadi yao moja: kwamba mwenye kudhuriwa akivumilia na kupenda, mdhuru atageuka kuwa mlinzi. Aliyeshika jalada mkononi ataichezea ahadi hiyo na kuifunga apendapo. Aliye na mtu mlangoni hana jalada la kufunga, na huenda akangoja mgeuko usiokuja. Kwa hiyo mwalimu hakutaka vitabu vipigwe marufuku. Alitaka anayevisoma awe na mtu wa kumwuliza swali alilouliza yeye wakati wa kuchambua mchele, na awe na watu watakaokuja akipiga kelele.

Likizo ilipokwisha, msichana aliondoka na vitabu vitano. Cha kwanza aliombwa akiache. Mwalimu alikipeleka chuoni, akakisimamisha karibu na Clarissa katika rafu inayoelekea mlango, ili mwanafunzi aingiaye akione na aulize.