Ukuta, Kuta: Nilivyofunzwa na Mwenzangu

Matokeo ya muhula ule yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya idara, alasiri ya Ijumaa. Sikuitafuta nambari yangu ya usajili kwa muda mrefu. Fonolojia ya Kiswahili: 34. Alama ya kupita ilikuwa 40. Niliondoka pale polepole, mithili ya mtu aliyekumbuka shughuli ndogo tu, nikaenda kujifungia bwenini.

Wewe msomaji, mwanafunzi mwenzangu wa Kiswahili, utanielewa nikisema kuwa aibu ya kuanguka katika somo letu haina kifani. Anayeanguka kemia huhurumiwa. Anayeanguka Kiswahili huchekwa. "Kwani si lugha hii hii tunayonunulia mboga sokoni?" kaka yangu aliniuliza nilipokwenda nyumbani. Baba hakusema neno, na kimya chake kiliniuma zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa insha na methali katika shule ya upili! Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kuisema lugha ni jambo moja, na kuichanganua ni jambo jingine kabisa.

Mhadhiri simlaumu. Tulikuwa zaidi ya mia mbili ukumbini, naye alikuwa na muhtasari wa kukamilisha. Ningeweza kumwendea ofisini, lakini ningemwuliza nini? Aliyepotea kabisa hana hata swali.

Aliyeninusuru alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, ambaye naye aliivuka fonolojia kwa taabu. Alinikuta maktabani nikiukodolea macho ukurasa uleule niliokuwa nao jana yake. Akaketi, akaniuliza:

"Wingi wa ubao ni nini?"

"Mbao."

"Na ulimi?"

"Ndimi."

"Na ukuta?"

"Kuta."

"Basi hiyo m ya mbao imetoka wapi? Na kwa nini kuta hazikupata yake?"

Nilinyamaza. Yeye pia alinyamaza, tena kwa muda mrefu hata nikaona haya. Hatimaye nikaanza kubahatisha. Kwamba labda kuna nazali inayokuja mwanzoni mwa wingi. Kwamba mbele ya b hugeuka m, kwa kuwa midomo imekwisha kufumbwa. Kwamba mbele ya l hubaki n, nayo l ikageuka d. Kwamba mbele ya k, ambayo ni sauti sighuna, nazali hudondoka. "Jaribu upande," akasema. Pande! "Na ubavu?" Mbavu! Nilipaza sauti hadi mkutubi akatukemea. Kwa miezi minne nilikuwa nimeyakariri maneno usilimisho na udondoshaji bila kujua kuwa yalikuwa yakizungumzia kinywa changu mwenyewe.

Nilipita mtihani wa marudio. Mwaka uliofuata, nami nikaanzisha kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa pili, kila Alhamisi jioni chini ya mjakaranda ulio nyuma ya ukumbi wa mihadhara. (Chumba tuliomba, hatukupata.) Hapa sina budi kuungama. Nilipewa jukwaa, nami nikalewa nalo. Niliwahutubia kama profesa, nikawapa kanuni zote zikiwa zimepangwa vizuri, nao wakazinakili na kunishukuru. Wachache walizipunguza zikawa "mwakenya" za kuingia nazo mtihanini, lakini hao si hoja yangu. Hoja yangu ni wale waaminifu. Karatasi ya mtihani ilileta data ya lugha wasiyoijua, ikawataka waunde kanuni wenyewe. Sikuwa nimewafunza kuunda chochote. Saba kati ya kumi na mmoja walianguka. Mmoja wao, aliyekuwa akijilipia karo kwa kuuza mitumba, hakurejea muhula uliofuata. Sijui kama ni fonolojia iliyomwondoa au ni karo. Sijathubutu kumwuliza.

Baadaye nilisoma kuhusu mpango ulioanzishwa na Deanna Martin mwaka wa 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, jijini Kansas City, Marekani, ambao tangu hapo umeenea katika nchi nyingi. Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, mpango ule hauwasaki wanafunzi dhaifu. Huyasaka masomo magumu, yale ambayo sehemu kubwa ya darasa huanguka au huyaacha, kisha mlango ukafunguliwa kwa kila anayelisoma somo hilo. Kwa hivyo, anayehudhuria hajitangazi kuwa mjinga. Laiti ningalikuwa na mlango kama huo siku ile ya ubao wa matangazo! La pili, kiongozi ni mwanafunzi aliyekwisha kulipita somo hilo, naye huhudhuria tena mihadhara pamoja na wenzake, lakini hapewi kazi ya kuhadhiri. Akiulizwa swali, hulirudisha kwa kikundi. Nilifunika kitabu nikaikumbuka maktaba, na kile kimya kirefu cha yule msichana. Kumbe hakuwa amekosa la kusema.

Bado tunakutana Alhamisi. Huketi mwisho wa benchi, mikono nimeikalia. Si rahisi, ulimi huniwasha. Wiki iliyopita binti mmoja aliuliza kwa nini ufunguo huwa funguo, ilhali ufa huwa nyufa, na zote zina f ileile. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nililimeza. Dakika zikapita, mmoja akajaribu akakosea, mwingine akacheka, jua likazama nyuma ya paa la bwalo. Kisha kijana ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua kinywa akasema kwa sauti ya chini, "Tukiiondoa hiyo u, kila neno linabaki na silabi ngapi?"

Wote wakaanza kuhesabu kwa vidole.