Taa za Kibaigwa

Familia inayotoka Gairo jioni kuelekea Dodoma hukutwa na giza karibu na Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi na malori ya nafaka. Watoto wamelala kiti cha nyuma. Barabara imenyooka, mbuyu mmoja mmoja pembeni, mara lori linatokea na taa nyeupe nne juu ya bampa. Baba anawasha na kuzima taa kuliomba lishushe mwanga. Halishushi. Kwa sekunde kadhaa haoni mstari, wala mwenye baiskeli, wala ng'ombe aliyechelewa zizini.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, magari ya kupishana nayo gizani yameongezeka. Mwaka 2025 trafiki waliwakamata wenye ving'ora, vimulimuli na zile taa za nyongeza ziitwazo sportlight. Sawa kabisa. Lakini balbu nazo ni tatizo: LED ya bei rahisi ikichomekwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya halojeni, mwanga hutawanyika na kumpiga machoni anayekuja, huku mwenye gari akijisifu kwamba anaona vizuri.

Mzigo nao una lake. Baba yule alinunua magunia mawili pale Kibaigwa, akayatia kwenye buti. Nyuma ikalala, pua ikainuka. Hadi Chamwino, kila aliyepishana naye alimuwashia taa, naye akazidi kuwalaumu madereva wa siku hizi. Mama ndiye aliyesema, "Baba Neema, ni sisi."