Tundu Jipya Kwenye Redio ya Mzee

Gari la mtumba kutoka Japani huteremka bandarini Dar es Salaam likiwa na redio ambayo haijaambiwa kwamba imehama nchi. Kule ilikotengenezwa, FM ilipangiwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu stesheni zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: bendi hizi mbili zinakutana kwenye kijisehemu cha megahezi mbili na nusu tu. Stesheni iliyobahatika kuangukia hapo utaisikia. Zilizobaki, hata wapige ngoma gani, redio haina habari nazo. Ndiyo maana gari nyingi mjini zimefungwa kile kidude cha kushusha masafa, na ndiyo maana wengine huing'oa redio ya kiwandani siku ile ile wanapolipa ushuru.

Yetu haikung'olewa. Ni Corolla ya 1996, ya baba, na redio yake ni ile ile iliyokuja nayo: mdomo wa kaseti, vitufe sita vya stesheni, kitasa cha voliumu cha mviringo. Tundu la kuchomeka waya wa simu haina, na huwezi kuilaumu. Mwaka 1996 simu ya mtu wa kawaida ilikuwa imefungwa ukutani, na hao waliokuwa nayo walikuwa wa kuhesabu. Hata iPod ilikuwa haijazaliwa, ilitoka 2001. Waliotengeneza redio hii waliwaza mambo mawili tu: utasikiliza watangazaji, au utasikiliza kaseti. Kwamba siku moja mtu atakuja na sauti yake mfukoni, hilo halikuwa kwenye ramani yao.

Sasa mimi nilikuja na sauti yangu mfukoni.

Baba aliendesha malori na mabasi kwa miaka zaidi ya thelathini, mingi kati ya hiyo ikiwa kwenye barabara ya Dar na Bagamoyo kabla haijawekwa lami. Leo haendeshi tena. Ana presha ya macho. Maradhi haya hula pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Daktari alimweleza bila kumzunguka: matone ni ya kulinda kilichobaki. Kwa hiyo gari limeegeshwa chini ya mwembe, kaka yangu hulitumia akija, na jioni mzee huingia, hufungua mlango wa upande wake, hukaa kwenye usukani na kusikiliza habari na mpira. Vitufe vile sita anavijua kwa kidole. Cha tatu kimelika hadi namba yake imefutika, lakini namba ni ya kwenu mnaoona.

Mimi naandika. Nyumbani jambo hili si siri, ila si habari pia. Miaka yote nikitoa kazi baba husema, "Weka hapo, nitasoma nikipata nafasi." Nafasi ilipopatikana, macho yakagoma.

Mwaka jana niliandika insha juu ya miaka yake ya barabarani. Humo ndani mna utingo wake mmoja aliyefia safarini, usiku, wakati wa masika, lori likiwa limezama tope mbele ya Mapinga. Kisa hicho baba alinisimulia mara moja tu, kwenye matanga ya bibi, na hakukirudia. Insha ilikuwa tayari kwenda kwa wahariri, lakini kisa ni cha mwenyewe. Ilibidi akisikie kwanza, na aseme ndiyo au hapana.

Utauliza, kwa nini usimsomee? Jaribu wewe, basi. Kaa mbele ya baba yako, umsomee uso kwa uso jinsi alivyolia. Nilijaribu nikafika ukurasa wa kwanza, nikasingizia chai inachemka. Nikaamua kuirekodi kwenye simu. Hapo tatizo jingine: miaka thelathini ya injini ya dizeli imempunguzia masikio pia. Spika ya simu kwake ni mbu. Lakini spika za milango ya Corolla anazisikia vizuri, na ndani ya gari ndipo mahali pake. Nikasema, hii insha itapitia huko.

Njia ya kwanza ilikuwa ile kaseti bandia yenye waya. Ni kitu cha akili sana: ndani yake mna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio na kukidanganya kwamba utepe unapita. Ila mashine ya kaseti lazima izunguke, na mpira wa hii yetu umelegea. Inameza, inafikiri, inatema.

Njia ya pili ni kile kitransmita kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kikarusha sauti ya simu kwa FM. Kumbuka hesabu yetu ya mwanzo. Kinarusha kati ya 87.5 na 108, na redio inakomea 90. Nafasi tuliyoachiwa ni finyu, na ina wenyewe. Hapa Bagamoyo nilipata upenyo wenye mikwaruzo. Siku tuliyokwenda Dar, nikiwa naijaribia kwa taarabu, tulipokaribia Tegeta stesheni moja ikaingia juu ya mwimbaji kama abiria anayepanda daladala bila kuuliza kama kuna nafasi.

Basi nikaenda kwa fundi.

"Binti, hii redio ni ya makumbusho," akaniambia. "Tupa. Nikuwekee ya kisasa, ina Bluetooth, ina flashi, skrini kubwa kama TV ya sebuleni."

"Mwenye gari haoni, fundi. Skrini ataishika wapi?"

Akanyamaza. Halafu akavuta spana namba 10 akaanza kufungua dashibodi. Tangu hapo hakutaja skrini tena.

Kazi yenyewe nitaieleza, kwa sababu najua wapo miongoni mwenu wenye gari za namna hii. Kitu ambacho fundi alikikataa mapema ni kuunga waya wa simu kwenye nyaya za kichwa cha kaseti. Kichwa kile hutoa umeme mdogo mno, chini ya milivolti moja, na saketi inayokifuata imeundwa kuukuza sana na kuupandisha besi. Simu hutoa umeme mkubwa kuliko huo mara mamia. Ukiuingiza hapo utapata ngurumo isiyo na maneno. Sharti uingie mbele zaidi, pale redio inapoikabidhi sauti kwa saketi ya voliumu. Alipatafuta kwa ujanja wa zamani: redio ikiwa imewashwa, anagusa pointi moja moja kwa ncha ya bisibisi huku kidole kikiwa kwenye chuma, na anasikiliza. Pengine kimya. Pengine "tk". Kisha pointi moja spika za kushoto zikaguna "mmmm", na jirani yake zikaguna za kulia. "Mlango ndio huu," akasema.

Akakata njia zile mbili na kuzipitisha kwenye jeki ya milimita 3.5, ile yenye swichi ndani. Usipochomeka kitu, sauti ya redio inapita kama kawaida. Ukichomeka waya, swichi inaifungia redio nje na kuipisha simu. Akaweka kapasita mbili, moja kila upande, ili umeme wa redio usirudi kwenye simu. Nyaya alitumia zile zenye ngao ya wavu, zisiokote kelele. Tundu akalitoboa kwenye kifuniko kitupu jirani na kisahani cha majivu. Uso wa redio haukuguswa. Vitufe sita viko palepale.

Tulipowasha injini kujaribu, nikachomeka na chaja ya simu. Kukazuka mlio mwembamba nyuma ya muziki, ukanyaga mafuta nao unapanda. Fundi alitaka kusema, baba akamwahi kutoka kiti cha nyuma: "Hiyo ni altaneta inaongea." Naam, ndiyo yenyewe. Simu ikichajiwa na gari na papo hapo imeungwa kwenye redio, hasi yake inakuwa na njia mbili za kurudia, na kelele ya altaneta hupita katikati yao. Dawa ni kitransfoma kidogo cha kutenganisha, kinachopitisha sauti bila nyaya kugusana. Dawa ya bure ni kuchomoa chaja. Sisi tulichukua ya bure, nikalipa shilingi 15,000 za ufundi, tukaondoka.

Jioni baba akaingia garini kama ada. Nikamwambia kuna kitu nataka akisikie. Nikachomeka waya, nikabonyeza, nikakaa upande wa abiria nikitazama mbele.

Kwa watu wa rika lake, sauti inayotoka redioni ina heshima yake. Amekua Bara kukiwa na redio moja tu, Radio Tanzania, mpaka sheria ya 1993 ilipowafungulia watu binafsi. Mtu wa kawaida aliingia redioni kwa kadi ya salamu: unaandika majina, unatuma, unasubiri kusomwa na mtu mwingine. Sasa kwenye spika zile zile binti yake anasema "Baba yangu alikuwa dereva." Nilimwona anageuza shingo kidogo kuelekea mlangoni, kunakotokea sauti, wala si kwangu niliyekaa ubavuni pake.

Alisikiliza akiwa ameshika kitasa cha voliumu. Nilijua kwa nini amekishika. Ilipofika Mapinga, tope, mvua, na yule kijana, nikasubiri kile kitasa kizunguke kushoto hadi "tk". Kikazunguka kulia. Akaongeza sauti.

Ilipokwisha tukasikia kunguru tu juu ya mwembe.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema, kama vile ni kaseti.

Nikarudisha. Akasikiliza kipande cha utingo mara ya pili.

"Huyu kijana alikuwa na mama yake Kiromo. Mama yake humo yumo?"

"Hayumo, baba. Hukuwahi kuniambia habari zake."

"Sikukwambia, kweli." Akanyamaza. "Mimi ndiye niliyempelekea habari. Nilikwenda kwa miguu, lori limebaki kule. Alinipa maji ya kunywa kwanza, kabla hajaniuliza mwanawe yuko wapi."

Kisha akapapasa ule ukingo wa tundu jipya kwa kidole gumba. "Sasa mimi hapa naongelea wapi?"

Nikamweleza kwamba waya huu ni wa kuingiza tu, haurekodi. Nikauchomoa, redio ikarudi hewani katikati ya sentensi ya mtangazaji, nikaizima. Nikafungua kinasa sauti cha simu nikaiweka juu ya dashibodi. Baba aliongea dakika arobaini, mikono yote miwili juu ya usukani.

Mji wetu umesimuliwa sana. Pembe za ndovu, misafara, watumwa, Wajerumani walioufanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mgeni akija ataonyeshwa Caravan Serai, ataonyeshwa magofu ya Kaole, na vibao vipo. Lakini watu walioifungua ile barabara ya tope kwa jembe na kwa mgongo, gurudumu baada ya gurudumu, ili samaki wafike Dar kabla hawajaoza, hao kibao hawana. Sisi tunaoandika tunajiona ndio tutakaowawekea. Haya, tuwawekee. Ila wengi wa wenye visa hivi hawasomi magazeti yetu haya madogo: mmoja macho yamekwisha, mwingine shule hakuiona, mwingine yuko kijijini ambako gazeti hufika likiwa limefungiwa vitumbua. Ukimwandika mtu wa namna hiyo bila kutafuta njia ya kumfikishia, umemsema akiwa hayupo.

Kwa hiyo ile insha haijatoka, na wahariri nimewaomba wanisubiri. Baba amesema ndiyo, kwa sharti moja: twende kwanza Kiromo. Kama yule mama bado yupo, au nduguze, wasikie kabla ya mtu mwingine, na wakisema hapana itakuwa hapana. Nimeunganisha maneno yake na yangu, na simu nitaijaza chaji kabisa usiku, ili altaneta isije ikaingilia. Kaka atatuendesha Jumapili.

Mzee ameuliza mara mbili kama spika ya mlango wa nyuma inafanya kazi sawasawa. Anasema yule mama, akikubali kuingia garini, atakaa nyuma.