Mali Bila Daftari

Siku mume wangu alipokatwa vidole na msumeno wa kiwandani, mimi nilikuwa nyumbani Tandika naandika hadithi. Ndiyo, mimi ni wale wale wanaojiita waandishi chipukizi. Kaunta buku liko magotini, maharage yako jikoni, na msichana wa hadithi yangu anakaribia kuachwa na mchumba. Simu ikalia. Alikuwa mfanyakazi mwenzake. "Shemeji, usishtuke." Ukiambiwa usishtuke, ujue liko la kushtua.

Ilikuwa Machi 2018. Nilimkuta mapokezi, mkono wa kulia umeviringishwa tisheti iliyolowa damu. Pembeni yake kasimama msimamizi wake wa kazi, mzee mpole, ndiye aliyelipia cheti na kujibu maswali ya karani. Nilimshukuru nusura nipige goti. Usiku ule madaktari waliunga kano za vidole viwili. Kile kidogo hakikurudi. Sikusoma kilichoandikwa kwenye faili. Nani atasoma faili wakati mumewe anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji?

Kiwanda kilituletea bahasha moja ya pole, kisha kimya. Mshahara wa mwezi ule ukaja nusu, uliofuata haukuja kabisa. Huku nyumbani kuna dawa, kuna bandeji, kuna nauli ya kliniki, na mtoto anataka daftari la shule. Nikajifunga kanga nikaenda kiwandani. Dada wa utumishi akaniuliza taratibu, "Mama Neema, una uthibitisho kwamba aliumia hapa?"

Nikadhani ananitania. Mashine ni yao, damu ilimwagika sakafuni kwao. Akasema karatasi ya hospitali inasema vingine.

Basi nikarudi hospitalini. Siku ya kwanza: njoo kesho. Kesho yake: mhusika hayupo. Siku ya tatu masjala wakasema faili liko kliniki. Siku ya nne kliniki wakasema faili liko masjala. Siku ya tano mama mmoja wa masjala, aliyekwisha kuizoea sura yangu, akaingia ndani akatoka nalo. Kwenye nafasi ya chanzo cha jeraha palikuwa na maneno mawili tu: ameumia nyumbani.

Usiku nikamuuliza mume wangu. Akanyamaza kitambo. "Msimamizi aliniambia tukisema ni kazini watanirudisha polisi kwanza nikachukue PF3, na mkono unavuja. Akasema tutarekebisha baadaye." Sikumkasirikia. Mwenye maumivu huitikia chochote, mradi maumivu yapungue.

Mtaani kwetu alikuwepo kijana wa mwaka wa tatu, anasoma sheria chuo kikuu. Ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza kwamba ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia kazini hugharimiwa matibabu, na wakati hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara. Chini ya sheria ya zamani, iliyotungwa enzi za mkoloni, aliyepata ulemavu wa kudumu kiwango chake cha juu kabisa kilikuwa shilingi 108,000. Nikamwambia mdogo wangu, mbona hayo ni mazuri? Akacheka kwa huzuni. "Dada, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na dai liwe limefika ndani ya miezi 12. Wewe saa yako inakimbia, na faili linasema mumeo aliumia nyumbani. Neno lililoandikwa halifutwi kwa kulia. Linajibiwa kwa neno lingine lililoandikwa."

Nikaligeuza lile kaunta buku, nikaanza kuandika kuanzia nyuma. Tarehe, saa, nani kasema nini, dirisha namba ngapi. Kila nilipoambiwa njoo kesho, niliandika mbele ya macho yao. Ni ajabu, ndugu msomaji, namna mtu anavyokaa vizuri kwenye kiti chake akiona kalamu.

Mashahidi wanne waliona ajali. Wawili walikataa, wana watoto na wanaogopa ugali wao. Wawili walikuja usiku wakatia saini, mmoja mkono unamtetemeka. Lakini aliyetuokoa ni daktari aliyefanya upasuaji. Katika maelezo yake ya usiku ule aliandika kwamba jeraha ni la msumeno wa mashine, na kwamba alisafisha unga wa mbao ndani yake. Nyumbani kwetu tuna kisu cha mboga na kibao cha mbuzi. Ukurasa wa karani hawakuuchana. Daktari aliongeza wake, akapiga muhuri. Barua ya kiwandani nikaipeleka kwa mkono wangu, na aliyeipokea akasaini kwenye kaunta buku langu, ndiyo dispachi yangu.

Novemba mwajiri akajaza fomu. Zilikuwa zimepita siku 7 mara nyingi sana, ila miezi 12 ilikuwa haijatimia. Fedha za matibabu zikarudi, sehemu ya mshahara ikaja, na mume wangu akaitwa kupimwa kiwango cha ulemavu. Kidole hakijarudi. Useremala kaacha, sasa anauza mbao, na anapohesabu fedha huificha ile pengo kwa kidole gumba.

Msimamizi nilikutana naye baadaye kituo cha daladala. Alitazama chini. Nilitaka kumtukana, nikaona kola ya shati lake imechakaa kuliko ya mume wangu. Naye alitumwa. Nikamwamkia, "Shikamoo," nikapanda gari.

Hadithi yangu ya uchumba sijaimalizia. Ninachoweza kukuachia ni hiki: siku ndugu yako akiumia kazini, mshike mkono kwa mkono mmoja, kwa mwingine pokea ile karatasi uisome kabla karani hajafunga faili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mkono wa mtu ni mali.