Jina la Mtu Lina Mwenyewe

Redio za hapa Uingereza zikimtaja Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, mara nyingi jina lake husomwa herufi kwa herufi mpaka mwisho, likafungwa kwa "gaad" pana. Linanikera kila nikilisikia. Wadenmark wenyewe hutamka kitu kinachokaribia Kiakegoo: zile a mbili ni o iliyovutwa, r inayeyuka, na d ya mwisho haisikiki kabisa. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1948 kuleta herufi å, sauti hiyo iliandikwa kwa a mbili, na koo nyingi zimebaki na mwandiko wa zamani. Mtangazaji anayeandaa kipindi kizima kuhusu mawazo ya mtu anaweza kutenga dakika moja ya kuuliza mtu huyo aliitwaje kwao.

Utetezi unaotolewa ni kwamba Kidenmark ni kigumu. Ni kweli. Kina mkato wa sauti kooni ambao mgeni huukosa hata akizeekea Copenhagen, na hakuna anayemdai Mwingereza mkato huo. Lakini "goo" anayo tayari katika lugha yake. Tena ana mji unaoandikwa Leicester na kutamkwa Lesta, na mwingine, Worcester, unaotamkwa Wusta, na mgeni akithubutu kuzisoma herufi zote husahihishwa hapo hapo. Basi anajua fika kwamba mwandiko ni kitu kimoja na sauti ni kitu kingine. Kwa miji yake anakubali. Kwa majina ya watu wengine anataka herufi zimtii yeye. Sisi Waswahili tulioko huku tunayajua haya vizuri. Tunaambiwa ng' haitamkiki, ilhali anaitoa kila siku mwishoni mwa kitenzi chake cha kuimba. Nyerere, silabi tatu tu, anaipasua ikawa nne. Nyong'o nayo hupoteza ile ng' yake njiani. Ulimi unaweza, kinachokosekana ni kutaka.

Kwenye maana mambo huharibika zaidi. Wasomaji wa Kiingereza hupenda kuelezwa kwamba jina la Kierkegaard maana yake ni makaburi, kisha huzuni ya vitabu vyake ikafungwa hapo hapo kwenye jina. Kamusi inawaunga mkono, kwa kuwa kirkegård leo ni makaburi, na yeye mwenyewe amezikwa Assistens Kirkegård. Lakini gård peke yake ni shamba pamoja na nyumba zake, na ukoo huo ulipata jina kwenye shamba la karibu na kanisa huko Sædding, Jutland. Ni jina la mahali watu walipolima na kufuga. Yatazame na majina yanayolitangulia. Baba yake Søren ni Michael Pedersen Kierkegaard. Babu yake ni Peder Christensen Kierkegaard. Pedersen, mwana wa Peder. Mtu wa Pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana ndivyo tunavyoitana: jina lako, la baba, la babu, na anayekusikia anajua aamkie vipi na salamu azipeleke kwa nani.

Mwaka 1828 amri ya mfalme wa Denmark ilitaka watoto wabatizwe na jina la ukoo pia, na taratibu minyororo ile ya majina ikaganda. Mtoto wa Jens Nielsen, ambaye zamani angekuwa Jensen, akabaki Nielsen. Datter, yaani binti, ikafifia kabisa, wanawake wakabeba majina yasemayo ni wana wa kiume. Sisi bado tunaye Siti binti Saad, na hakuna aliyethubutu kumwondolea ile binti. Ila fomu za huku zinafanya kazi ile ile ya mwaka 1828, nazo zinaifanya kwa watu wazima. Salim bin Juma bin Hamadi akifika, anakuwa Bwana Hamadi. Anaitwa kwa jina la babu yake kazini, benki na hospitali. Mwanawe, ambaye nyumbani angekuwa Ali Salim Juma, anaandikwa Ali Hamadi, na Salim, baba mzazi, hayumo kabisa katika jina la mtoto wake. Hili linaniuma kuliko matamshi yote.

Kuna watakaosema nasi Waswahili hatuyaachi majina ya watu salama. Tunayaongezea irabu, sikatai. Lakini tazama George tulivyomfanya Joji: tulianza na sauti tuliyoisikia kinywani mwa mwenye jina, kisha tukaipa irabu ili ulimi upite. Hatukuzisoma zile herufi. Wapo pia kina Jensen wa Marekani ambao vizazi vyao vimeizoea j ngumu ya Kiingereza, ingawa Denmark ni Yensen. Hao waitwe wanavyojiita, kwa kuwa jina ni lao na wamelikubali. Kierkegaard hakuhamia kokote. Alizaliwa Copenhagen, akafia Copenhagen, na wanaolitamka jina lake vizuri wapo huko mpaka leo, wanaweza kuulizwa.