Besti yangu na tumbo lisiloeleweka

Jamani, kuna ugonjwa unaitwa kolaitisi ya vidonda. Siyo amiba, siyo taifodi, na hauambukizi. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpana mpaka unatoka vidonda: mtu anaharisha damu, anachoka, anakonda. Dawa zinautuliza, haziumalizi.

Besti yangu wa Kisarawe anao, mwaka wa nne huu. Alivyokonda tu, mtaani wakamaliza: "Huyo ana ngoma." Maneno hayo yalimuuma kuliko tumbo lenyewe.

Mimi nakaa Kibaha. Kuja kwangu ni kuunga daladala na foleni juu, na ugonjwa ukichachamaa anakimbilia choo hata mara kumi kwa siku. Kwa hiyo mimi ndo namfuata. Tukitoka, naulizia choo kwanza, menyu baadaye. Akighairi dakika za mwisho, sinuni. Akijisikia poa, namkumbusha dawa, maana hapo ndo wengi huziacha na ugonjwa unarudi kwa hasira.

Juzi harusini mama mmoja akamuuliza mbona hagusi pilau. Akajibu mwenyewe, bila kunong'ona: "Nina ugonjwa wa utumbo, shangazi. Natumia dawa za hospitali." Meza ikawa kimya. Baadaye dada mmoja akamfuata pembeni, akaomba namba. Mdogo wake anaharisha damu tangu mwaka jana, kila siku anameza dawa za amiba.

Na wewe unayeona damu chooni na kunyamaza, nenda hospitali ya rufaa. Ulizia kipimo cha kamera ya utumbo.