Kulegea, Kupumzika au Kutulia?

Katika upigaji picha za ubongo kwa mashine ya MRI ipo dhana ambayo mfasiri mwenye haraka angeiita "kulegea" au "kupumzika". Mimi sikubaliani naye. Kilegeacho kilikuwa kimekazwa, na apumzikaye amechoka. Ilhali viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili hupangwa na sumaku, husukumwa na mawimbi ya redio, kisha huachwa virejee vilivyokuwa. Huko ni kutulia.

Haja ya neno hili niliipata kwetu Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda. Shangazi yangu, mgonjwa wa kifafa, alikuwa amerudi na bahasha ya ripoti ya Kiingereza iliyotaja T1 na T2. "Mwanangu, wewe unayesomea maneno," akaniambia, "nieleze walipima nini kichwani mwangu." Nilimwonyesha mto. Ng'ombe wakivuka, maji huvurugika. Wakishapita, penye changarawe maji huwahi kutakata, penye tope hukawia. Ubongo nao ndivyo ulivyo: kwa kipimo cha T1, sehemu nyeupe, yenye mafuta mengi, hutulia upesi, ya kijivu hukawia, na ugiligili unaouzunguka ubongo huchukua takriban sekunde 4.

Mwaka 1971 Raymond Damadian alionyesha, kwa tishu za panya, kwamba uvimbe wa saratani una muda wake wa kutulia. Picha ya kawaida, kama zile za shangazi, hutoa weupe na weusi wa kulinganisha tu. Ramani ya utulivu huipa kila nukta tarakimu yake kwa milisekunde, hata badiliko la mwaka hadi mwaka likaweza kupimwa.

Hata hivyo, tarakimu hizo hufuata nguvu ya sumaku. Mwaka 2022 watafiti wa Mbarara, Uganda, na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha huko Mbarara mashine ya sumaku hafifu, wakiwalenga watoto ambao vichwa vyao hujaa maji. T1 ya ubongo katika sumaku kama hiyo ni fupi kuliko katika mashine kubwa ya tesla 1.5. Asiyetaja sumaku hajataja kipimo.

T2 ndiyo inayonisumbua. Hapo viini huzunguka kwa pamoja, kisha huachana, mithili ya wachezaji ngoma walioanza kwa hatua moja. "Kutulia" hakutoshi, "kuachana hatua" ni refu mno. Walimu wetu wa isimu mwasemaje?